Ushelisheli ilikataa, na rafiki hakuondoka

Ndugu Mhariri,

Nchi ndogo ikitia saini mkataba na dola linaloinuka huko mbali, magazeti yetu huwa na vichwa viwili tu: neema imeshuka, au nchi imeuzwa. Naomba nafasi nikumbushe kisa cha Ushelisheli na India, ambacho si hiki wala si kile.

Ushelisheli ina watu laki moja na ushei, lakini bahari yake ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.3. Maharamia wa Kisomali walipoanza kuteka vyombo katika maji hayo miaka ya 2009 na 2010, ilikuwa wazi kwamba walinzi wa pwani peke yao hawawezi. India ilikuwa imekwishatoa meli ya doria tangu 2005, kisha ikatoa ndege ya Dornier ya kupiga doria baharini. Haikuwa sadaka. Delhi ilitaka macho yake yafike upande huu wa bahari, hasa meli za China zilipozidi kuonekana. Kila upande ulijua unachotafuta, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kasheshe ilikuja na kisiwa cha Assumption. Ni kisiwa kidogo chenye kiwanja cha ndege, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi, jirani na Aldabra yenye kobe wakubwa maarufu duniani. Makubaliano ya kwanza yalifikiwa 2015 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipozuru Victoria, mji mkuu wa Ushelisheli. Mengine, yaliyorekebishwa, yakasainiwa Januari 2018. India ingejenga na kugharamia kituo cha kijeshi kisiwani humo, na serikali ya Ushelisheli ilisisitiza kuwa ardhi inabaki mali ya taifa. Sawa, lakini kwa nini basi wananchi hawakuonyeshwa karatasi? Waliiona Machi mwaka huo, ilipovujishwa mtandaoni. Watu wakaingia barabarani. Wapo waliohofia kobe, wapo waliohofia nchi kuburutwa katika ugomvi wa India na China.

Upinzani, uliokuwa na wabunge wengi, ukasema hauridhii. Juni 2018 Rais Danny Faure akakiri kwamba hana haja ya kuupeleka mkataba bungeni.

Hapa ndipo wengi wetu tungetabiri kwamba India itanuna na kufunga mkoba. Mwezi uleule Faure alipokelewa Delhi kwa heshima zote, akaondoka na ahadi ya mkopo wa dola milioni 100 wa kununulia vifaa vya ulinzi, pamoja na ndege ya pili ya Dornier. Mwaka 2021 ikaja meli nyingine ya doria, Zoroaster. Mshirika mwenye haja nawe hakukimbii kwa sababu bunge lako limesoma alichokuletea. Na rais anayeweza kusema "mimi ningependa, lakini bunge langu halitaki" ana silaha mezani ambayo mtawala asiyeulizwa na mtu hana.

Djibouti ilijua gharama ya vipengele vya mkataba kwa njia ngumu zaidi. Mwaka 2006 iliipa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, haki ya kuendesha bandari ya makontena ya Doraleh. Mwaka 2018 ikaitwaa. Mwaka uliofuata wasuluhishi wa London wakaamua ilipe dola milioni 385 na riba, kwa kukiuka haki ya upekee ilipowakaribisha Wachina katika shughuli za makontena. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, ila mgeni wa kwanza alikuwa ameandikiwa kuwa hatakuja mwingine.

Sisemi Ushelisheli imefuzu moja kwa moja. Assumption ileile iliyokataliwa wanajeshi imekuja kulalamikiwa tena kwa sababu ya hoteli ya kifahari ya wawekezaji kutoka Qatar, na safari hii meza ya mazungumzo haikuwa ya ulinzi bali ya utalii, ambako watu hawashtuki haraka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako akienda tena kwenye hafla ya kutia saini, picha ya viongozi wakipeana mikono haitoshi. Atuletee muda wa mkataba, nani atamhukumu askari wa kigeni akikosa, mgogoro utaamuliwa mji gani, na kama bunge limeuona. Akinyimwa majibu, aandike kwamba amenyimwa, na amtaje aliyemnyima.

Msomaji wako wa siku nyingi