Asante kwa aliyeitunza mikebe ya Prague
Wewe uliyeitunza ile nakala ya filamu bubu The Lost World ya 1925 huko Prague, Ucheki, jina lako hatulijui, lakini shukrani ni zako. Marekani, filamu hiyo ya rili (magurudumu ya utepe) 10 hivi ilibaki hasa kama muhtasari wa rili 5 za utepe mwembamba wa milimita 16. Dinosaria wa Willis O'Brien, fundi aliyewapa uhai kwa kupiga picha sanamu ndogo moja baada ya nyingine, walikuwepo, ila safari ya kuwafikia ilikatwakatwa. Na utamu wa filamu bubu ya safari ni njia yenyewe: mto, msitu, hofu kabla mnyama hajatokea! Nakala yako imeturudishia mengi ya hayo.

Tunaijua kazi ya kuitunza nakala kama hiyo. Utepe wa nitrati, yaani ule wa filamu za zamani, ukifungiwa kwenye mkebe usiopitisha hewa, gesi yake wenyewe huula: picha hufifia, utepe hunata, mwisho ni unga wa kahawia. Utepe huo unataka ubaridi, ukavu na hewa. Ukisinyaa hata asilimia 1, meno ya projekta huweza kuchana matundu ya pembeni, kwa hiyo huzungushwa kwa mkono, polepole, kisha hunakiliwa picha moja moja. Hata vipande vya maandishi ya Kicheki yaliyowekwa kati ya matukio ili kueleza hadithi havitupwi, maana huonyesha tukio lilikaa wapi.

Asante sana, ndugu yetu.