Nani sasa atatuambia nani alipiga gitaa?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Miaka yote nimekuwa nikisoma na kunyamaza, lakini makala yenu ya juzi kuhusu majarida ya muziki ya Uingereza imenishinda. Kwamba jarida la NME (New Musical Express) lilianza kugawiwa bure mwaka 2015, likaacha kuchapishwa kila wiki Machi 2018, na jarida la Q likafungwa Julai 2020 baada ya matangazo kuhamia intaneti, hapo sina ugomvi na mwandishi wenu. Ugomvi ni pale aliposema shabiki hajapoteza kitu, eti muziki wote uko kwenye simu. Si kweli hata kidogo.

Nyimbo ziko kwenye simu, habari zake haziko. Jarida la Melody Maker, lililoanza 1926, lilikuwa na matangazo madogo ambako mpiga besi alitafuta bendi na bendi ikatafuta mpiga drams. NME ndilo lililotoa chati ya kwanza ya mauzo ya rekodi Uingereza, Novemba 1952, kwa kupiga simu madukani. Shabiki alijua nani kapiga na nani kahama. Hata sisi wa Tabora yalitufikia: mjomba wangu alikuwa reli, akitoka Dar es Salaam alitubebea magazeti chakavu, likiwemo Smash Hits lenye mashairi ya nyimbo. Kurasa za katikati zilikuwa zimeshachomolewa na wenye kupenda picha, zimebaki pini tu. Tuliyanakili mashairi kwenye kaunta buku na kubishania neno moja mpaka chemli inaishiwa mafuta.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Hivi karibuni nilikwenda kwa kijana anayeweka nyimbo kwenye flashi, nikaomba nyimbo za bendi zetu za zamani, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Akapekua kompyuta yake, akanipa faili moja limeandikwa “Zilipendwa Mix 3”. Nimefika nyumbani nasikiliza: nyimbo zimekatwa katikati zikaunganishwa, hakuna jina la bendi, hakuna mwimbaji, hakuna mwaka, na gitaa la solo linapoanza kupanda, DJ anatangaza namba yake ya simu juu yake. Katika mji wa bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro! Katika mji ambao mwanamuziki Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyefariki 2014, alijulikana nchi nzima akiwa na Tabora Jazz! Kijana yule simlaumu, angejulia wapi? Hakuna alipoandikiwa.

Na redio zetu ni hivyo hivyo. Mtangazaji anapiga wimbo wa Tabora, anasema ni wa bendi ya Morogoro. Nimepiga simu studio kumsahihisha, nikajibiwa, “Mzee, wewe burudika tu.” Nitaburudikaje wakati kazi ya mtu inagawiwa mwingine mchana kweupe, na wajukuu zake wanasikiliza? Wimbo ukiisha ni tangazo la soda, kisha mwingine usio na mwenyewe. Zamani mtangazaji wa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) hakuthubutu kuweka sahani bila kutaja bendi na mtunzi.

Mhariri, mnayo nafasi. Kila Jumapili mnatoa ukurasa mzima kwa mikeka ya kubeti. Toeni nusu yake kwa bendi moja kila wiki, mkianzia Tabora: picha, nani solo, nani ridhimu, nani besi, nani tumba, nani saksafoni, na walirekodi lini. Msitafute kwenye mtandao, hamtayapata. Mtumeni mwandishi mitaa ya hapa Tabora, Ng'ambo, Cheyo na Isevya, akae na wazee waliocheza muziki huo na wengine walioupiga, kabla hatujawazika. Aje na daftari na kinasa sauti, na aje asubuhi, kwa sababu jioni wamechoka. Nyumba za kuanzia nazijua, nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora