Kabla ya kununua kiwanja nje ya Dar, wanandoa waipime siku ya mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wanandoa vijana wa Dar es Salaam, hasa wale ambao hawajajaliwa mtoto na sasa wanatafuta mahali pa kuhamia pembezoni mwa jiji. Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini katika shule ya msingi iliyo karibu na katikati ya jiji, na haya ninayoyaandika nayaona darasani muhula hadi muhula.

Jiji limejaa, na hakuna wa kumlaumu kijana anayeondoka Sinza, Manzese au Buguruni kwenda kutafuta hewa na nafasi Kibamba, Goba, Chanika, Chamazi, Vikindu, Mapinga au Kibaha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na Mkoa wa Pwani unaotuzunguka, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu takriban milioni 1.1, ulikutwa umevuka milioni 2. Uzazi peke yake hauwezi kuongeza watu kwa kasi hiyo. Wengi wamehamia, nasi tunawafahamu, maana ni ndugu zetu na wafanyakazi wenzetu waliofuata viwanja.

Ninachokililia ni kipimo kinachotumika kuchagua mahali. Vijana wanapokwenda na dalali kuangalia kiwanja huuliza bei, huuliza kama kimepimwa, na huuliza nauli ya kufika Kariakoo au Posta. Hayo ni maswali ya lazima, lakini yote ni ya mtu mzima mwenye afya, anayeweza kuamka saa kumi usiku na kusimama kwenye daladala mpaka mjini bila kudhurika. Mtoto hayumo katika hesabu hiyo kwa sababu bado hajazaliwa, na atakapozaliwa atakuta nyumba imekwisha kupauliwa na fedha zote zimeingia kwenye matofali.

Wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili wanaotoka mbali ninawatambua kabla sijafungua daftari la mahudhurio. Sweta imevaliwa mbele nyuma, kwa kuwa mtoto alivalishwa akiwa usingizini. Ikifika saa tatu asubuhi, wenzake wakiwa wanasoma silabi kwa sauti, yeye kichwa kimelala juu ya daftari na mate yamelowesha ukurasa alioandika jana, nami mara nyingi nakosa moyo wa kumwamsha. Jioni huwa ngumu zaidi. Kituoni konda huwazuia wanafunzi mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo wale wakubwa kidogo huvuka barabara, wakapanda gari linalokwenda mwisho wa njia na kugeuza nalo ili wapate pa kukaa. Mtoto wa miaka saba anavuka barabara yenye magari mengi, akiishika mikono ya wenzake wa miaka kumi, na kufika nyumbani giza limekwisha kuingia. Wazazi wake hawakumtupa. Walijenga mahali ambapo shule ya karibu ilikuwa haijajengwa, au ilikuwepo lakini imefurika, wakaona heri aende nao mjini.

Wengine walizoea kulitatua hilo kwa kumpeleka mtoto bweni angali mdogo. Njia hiyo nayo imefungwa, na mimi nasema imefungwa kwa haki: mwezi Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali. Mzazi wa leo anayenunua kiwanja asiweke bweni katika mipango yake ya miaka kumi ya mwanzo ya mtoto.

Lakini kwa wanandoa ninaowaandikia, shule ni jambo la miaka ijayo, na ningependa waanze hesabu tangu mimba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Mama akirudi kazini anayo haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake. Haki hiyo ni kamili kwa mama anayeishi Temeke na kufanya kazi Chang'ombe. Kwa anayeishi Mapinga na kufanya kazi Kariakoo, saa mbili hizo hazimfikishi nyumbani akanyonyesha na kurudi. Linalobaki ni kumwomba mwajiri amruhusu aondoke mapema, na waajiri hawafanani. Mara nyingi mtoto wa miezi mitatu huachwa na dada wa kazi tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku, yaani saa kumi na tano, huku mama akikamua maziwa chooni ofisini kwa kukosa chumba cha faragha.

Chanjo za mtoto nazo zina ratiba isiyosubiri. Baada ya zile za kuzaliwa, mtoto hurudi kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18, na katikati hupelekwa kupimwa uzito. Siku 84 ni wiki 12, kwa hiyo chanjo ya wiki ya 14 humkuta mama amekwisha kurudi kazini hata kama hakupunguza siku moja ya likizo kabla ya kujifungua. Zahanati ikiwa ya kwenda kwa miguu, mama au bibi atawahi foleni na shughuli nyingine za siku zikaendelea. Ikiwa ni ya kupanda bodaboda na kisha bajaji, kila hudhurio ni siku nzima ya kazi iliyopotea, na ndipo hudhurio moja linaporukwa, halafu la pili.

Kuhusu kujifungua kwenyewe, wanandoa waulize jambo moja kwa ukali wote: ni wapi palipo karibu panapofanya upasuaji usiku, na gari linafikaje hapo mvua ikinyesha. Zahanati inaweza kumzalisha mama asiye na tatizo, lakini mama anayehitaji upasuaji lazima afikishwe kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji au hospitali, na njia ya kufika huko ndiyo ya kuitazama kuliko rangi ya mageti. Viwanja huuzwa zaidi wakati wa kiangazi, barabara ikiwa ngumu na vumbi likitimka. Mnunuzi arudi mwezi Aprili. Atazame panapovuka maji, iwe ni Mto Mpiji, Mzinga au Tegeta, au korongo lisilo na jina ambalo dalali hakulitaja, na aulize wenyeji mara ya mwisho njia ilikatika kwa muda gani. Mama mwenye uchungu hawezi kuvushwa korongo kwa bodaboda.

Nikiulizwa ni wapi basi, nitasema wazi kwamba mimi ninaipenda Kibaha, hasa sehemu za Maili Moja na Tumbi. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Zipo shule za Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za Nordic za kaskazini mwa Ulaya, na kwa sababu hiyo mji ule ulikuwa na shule kabla haujawa na wahamiaji, jambo ambalo ni nadra katika maeneo yanayotuzunguka. Bomba kubwa la maji ya Ruvu Juu linatoka Mlandizi na kufuata ukanda huohuo wa Barabara ya Morogoro, na barabara yenyewe kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa sana. Kasoro yake ni kwamba njia maalumu ya mwendokasi iliyoanza kutumika mwaka 2016 inaishia Kimara, na ni kasoro nzito kwa familia ambayo baba na mama wote wanafanya kazi mjini. Mzazi mmoja akiwa ameajiriwa Kibaha, Mlandizi, Kibamba au Mloganzila, kasoro hiyo karibu inatoweka.

Hapo ndipo ninapoweka uzito wangu wote. Mahali pazuri pa kulelea mtoto ni pale ambapo angalau mzazi mmoja anafanya kazi upande uleule wa jiji, ili shule ikipiga simu saa tano asubuhi kwamba mtoto ana homa, awepo wa kufika ndani ya nusu saa. Nimekaa na watoto wagonjwa ofisini kwa walimu hadi jioni, nimewapa maji na kuwafunika kwa khanga, huku simu ya mama ikijibu kwamba yuko kwenye gari na foleni haisogei. Kwa kipimo hiki Pugu na Kisarawe zinamfaa mwenye kazi uwanja wa ndege au viwandani kwenye Barabara ya Nyerere, na Kisarawe imepata maji ya bomba kutoka Kibamba tangu mwaka 2020. Kigamboni inamfaa mwenye kazi Kurasini au bandarini, ambaye daraja lililofunguliwa mwaka 2016 limemsogeza sana, lakini mwenye kazi Mwenge aifikirie mara mbili.

Wapo pia wanaovutwa na treni ya umeme wakanunua Soga au Ruvu. Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Soga ni shilingi 4,000, yaani 8,000 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 176,000 kwa mtu mmoja, kabla ya bajaji ya kumfikisha stesheni. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya mshahara huo ingeishia kwenye tiketi. Reli hiyo ni jambo kubwa na ninajivunia nayo, ila kwa sasa mfanyakazi wa kipato hicho mwenye mtoto mchanga asiijengee maisha yake ya kila siku.

Najua nitajibiwa kwamba bei ndiyo inayoamua, na kwamba mwalimu anazungumza kama mtu asiyejua kodi ya nyumba inavyodaiwa kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Ninaijua, naishi nyumba ya kupanga. Wala simwambii mtu asinunue kiwanja cha mbali kama ndicho anachokiweza. Ninachosema ni kwamba kumiliki kiwanja na kuhamia ni mambo mawili, na hakuna sheria inayotaka yafuatane. Kiwanja kinaweza kukaa na mipaka yake ikilindwa, huku familia ikipanga vyumba viwili karibu na kazi ya mama au karibu na bibi wa mtoto, mpaka mtoto wa mwisho awe na umri wa kwenda shule kwa miguu yake. Na wale walioamua kuhamia mapema wapange kwanza nyumba katika mtaa kilipo kiwanja chao kabla ya kumwaga msingi, tena katika miezi ya masika. Wakiwa pale waende shule ya msingi ya serikali saa moja kasoro asubuhi, watazame watoto wanakotokea na barabara wanayovuka, kisha wamwombe mwalimu mkuu awaambie darasa la kwanza lina watoto wangapi na kama wanasoma kwa zamu. Sisi walimu tunajibu maswali hayo kwa furaha. Kwa bahati mbaya wazazi hutuuliza mtoto akiwa ameshashikwa mkono, siku ya kuandikishwa.

Ombi langu la mwisho ni kwa halmashauri za Dar es Salaam na Pwani. Michoro ya upimaji wa viwanja huwa na maeneo yaliyotengwa kwa shule, zahanati na viwanja vya michezo, lakini mnunuzi wa kawaida huonyeshwa namba ya kiwanja chake peke yake, na miaka michache baadaye hukuta mahali palipoandikwa shule pana nyumba za watu. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ibandike ukutani mchoro ulioidhinishwa wa mtaa wake, maeneo ya umma yakiwa yametiwa rangi, na mtendaji awe tayari kueleza ni lipi limejengwa na ni lipi limeingizwa kwenye bajeti. Ubandikwe kabla ya masika, ili watakaokwenda kukagua viwanja mwezi Aprili wausome kabla ya kulipa malipo ya kwanza.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ilala, Dar es Salaam