Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: abiria wangu wa meno

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam nyingi kutoka barabarani. Mimi ni dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, Kigoma–Manyovu mpakani mwa Burundi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita 60 za lami, na ndani ya kilomita hizo shida ya mtu utaijua hata asiposema. Mfiwa huangalia dirishani mwanzo hadi mwisho. Muuza vitenge huhesabu noti zake mara tatu. Abiria wa meno namjua kwa mkono: kiganja kimeganda shavuni tangu anapanda, na tukikaribia tuta anafumba macho kabla hata sijakanyaga breki.

Hao wa meno ndio walionifanya nishike kalamu. Wanavuka mpaka kwenda kutibiwa Burundi, wengi Bujumbura, na siku hizi haipiti wiki sijabeba mmoja au wawili. Najua ukisikia mtu kaenda nje ya nchi kwa ajili ya meno, utawafikiria wale wa mitandaoni wanaokwenda Uturuki kununua tabasamu. Mdogo wangu aliyeko Uingereza ameniambia habari zao: jino zima, halina hata doa, linakerezwa pande zote mpaka libaki kijiti, halafu linavishwa kofia nyeupe kama sahani. Madaktari wa meno wa huko wamepiga kelele kuhusu jambo hilo mpaka wamechoka. Wangu si wale, Daktari. Wangu wanatafuta mtu wa kuwazibia jino ambalo huku wameambiwa dawa yake ni koleo.

Nami nimeambiwa hivyohivyo. Mwaka jana gego langu la chini, upande wa kulia, lilimeguka nikila samaki, mgebuka. Si mfupa uliolimaliza, nakiri. Lilikuwa na tundu siku nyingi, nami nalitia karafuu na kuendelea na safari. Nikaenda kituo kimoja, jina lake nalihifadhi. Nilipanga foleni tangu saa moja. Aliyenipokea alikuwa kijana mstaarabu, akamulika kwa tochi, akagonga jino kwa kichuma, nikaruka. Akasema, "Tunang'oa, mzee." Nikamuuliza kama haliwezi kuzibwa. Akanionyesha kabati. Hakusema neno, alifungua mlango tu, nikaona ganzi, glavu, pamba na makoleo. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi, kwa sababu huyu kasomea kuziba na kung'oa, halafu kapewa kazi moja.

Sikung'oa. Nina miaka 52 na upande wa kushoto nina mapengo mawili tayari. Ukiniondolea na hili nitatafuna kwa mbele kama sungura. Shemeji yangu akauliza Dar kwa simu, akatajiwa laki tatu kutibu mzizi, na kofia ya kuvisha jino bei yake mbali. Ongeza basi kwenda na kurudi, ongeza kulala, ongeza siku ambazo gari limesimama na tajiri anataka hesabu yake. Bujumbura, kila kitu kwa pamoja, nauli na sahani ya chakula ndani, nilitumia nusu ya hiyo laki tatu.

Watu wanasema madaktari wa Burundi wana huruma. Wengine wanasema wana dawa ya Wafaransa. Ukweli uko pale mpakani, upande wa Mugina, kwa vijana wanaobadilisha fedha wakiwa na mabunda ya faranga yaliyofungwa mpira. Faranga ya jirani zetu ina bei mbili, ya benki na ya mtaani, na ukibadilisha mtaani shilingi yako inavimba. Daktari wa kule anatoza bei ambayo Mrundi mwenzake anaiona kubwa. Mimi nikiigeuza kichwani naona ya bure. Kwa hiyo nafuu yetu inatokana na shida yao. Siku niliyokwenda niliona magari yamelala kwenye foleni ya petroli, wenyewe wamelala ndani. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu jino likapiga, nikasahau.

Lugha nayo inasaidia. Daktari na msaidizi wake walizungumza Kifaransa wao kwa wao, lakini mama aliyenishika bega aliniuliza "Urababara?", na Muha gani asiyeelewa hapo, Kirundi na Kiha vikiwa ndugu? Unaumwa? Ndiyo, mama, naumwa. Nilipigwa ganzi, wakatoboa, na daktari akachomoa kitu kwa sindano nyembamba yenye meno kama msumeno, akakiinua kwenye taa nikione. Kilikuwa kama uzi wa nyama, chekundu upande mmoja na cheusi mwingine. "Ndiyo hiyo ilikuwa inakulaza macho," akasema kwa Kiswahili cha Uvira, Kongo. Akaweka dawa, akafunika kwa kizibo cha muda, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili amalizie.

Hapo ndipo penye kasoro ya safari hizi, Daktari, na mbele ya abiria wangu huwa siifichi. Matibabu ya mzizi hayaishi kwa siku moja kama nywele za saluni. Wiki mbili zilipotimia, magari ya upande wa pili hayakuwa na mafuta. Baadaye mtoto akaugua, hela ikaliwa. Kizibo kikadondoka. Nilirudi kituo cha kwanza kuomba waniwekee kingine, nikaulizwa, "Si ulikwenda Burundi? Rudi huko." Karatasi niliyopewa imeandikwa Kifaransa, na pale hakuna aliyeisoma. Kadi yangu ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii iliyokuwa ya elfu thelathini kwa kaya ya watu sita, ilinisindikiza mpaka Manyovu ikaishia hapo. Kitu kikiharibika kule, hakuna wa kumlalamikia hapa. Kikiharibika hapa, unaonekana msaliti uliyekimbia nyumbani.

Nikisubiri gari lijae huwa nasoma kwenye simu, na nimegundua kwamba mambo haya si ya maskini peke yao. Mexico kuna mji mdogo unaitwa Los Algodones, umegusana na mpaka wa Marekani. Umejaa mamia ya madaktari wa meno, na Wamarekani wanaegesha magari upande wao wanavuka kwa miguu, hasa wazee, kwa sababu bima yao ya serikali ya uzeeni kwa sehemu kubwa haigusi meno. Waaustria nao wanaingia Hungaria, mji wa Mosonmagyaróvár, kwa sababu hiyohiyo ya bei. Kumbe kila penye mpaka na tofauti ya fedha, meno yanasafiri. Lakini wale wanafuata kofia na vipandikizi, vitu vya mamilioni. Sisi tunavuka kimataifa kufuata kuziba tundu.

Na hili la kuziba ndilo lililonikera mpaka nikaandika. Miezi michache iliyopita nilimpakia mzee mmoja, tabibu wa meno mstaafu, anakwenda harusini Buhigwe. Alikaa mbele. Aliponiona nimeshika shavu akaniambia, "Wewe unajua kwamba njia ya kuziba jino bila umeme na bila mashine imeanzia Tanzania?" Nikadhani ni utani wa wazee. Usiku nikatafuta, nikakuta ni kweli. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi mmoja, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shule ya meno Dar es Salaam, alianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Unakwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, unasafisha tundu, unakoroga unga na maji yake, unajaza, unakandamiza kwa kidole chenye glavu mpaka ikamate. Saruji hiyo inaitwa glasi ayonoma. Inashikana na jino lenyewe na inaachia floraidi pole pole. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo kwenye Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi.

Yaani kitu kilichotoka kwetu kimezunguka dunia, na mtu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, anapanda gari langu kwenda kukitafuta nchi ya watu.

Mzee alinieleza pia mipaka yake, nami sitaki kukudanganya. Jino likishafika kwenye neva, kama langu, saruji hiyo haitoshi. Tundu linaanza juu kwenye gamba gumu, pale huumwi. Likiingia tabaka la pili unaanza kusikia baridi na sukari. Likigusa neva hulali. Halafu siku moja maumivu yanakatika ghafla, mtu anashukuru Mungu, kumbe neva imekufa na usaha unajipanga chini ya mzizi. Jino langu lilipita hatua zote hizo nikiwa kwenye usukani, hapa hapa mkoani, na katika ile ya kwanza lingezibika kwa kijiko, unga na dakika chache.

Nikueleze na la yule mama wa Ujiji, kwa sababu bado naliota. Alipanda Mwandiga alfajiri, mtandio umezungushwa kidevuni. Nikamuuliza, "Mama, jino?" Akaitikia kwa kichwa. Tulipokaribia Kalinzi nikaona anatema mate kwenye kanga kila baada ya muda, hamezi. Nikamsemesha, sauti ikatoka kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Binti aliyekaa nyuma, mwanafunzi wa uuguzi, akamuuliza kama anameza mate, kisha akamwomba afungue mtandio. Chini ya taya palikuwa pamevimba pande zote mbili, pagumu kama ubao, na mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole. Binti akasema, "Kaka, geuza gari. Huyu hafiki Bujumbura."

Wawili wakadai nauli zao, mmoja akanitukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Niligeuza. Hospitali walimpasua chini ya kidevu wakatoa usaha, na aliyempokea akaniambia uvimbe ule ukipanda unaziba njia ya hewa. Amepona. Alikuwa amemeza amoksilini za duka la dawa siku tisa, kila zikiisha anaongeza, na kidonge hakizibi tundu. Jino lilelile mwanzo wa mwaka alikuwa amelipeleka mahali, akaambiwa ling'olewe, akaogopa, akaanza kuweka akiba ya Bujumbura.

Sina chuki na kung'oa. Kuna meno ambayo heri yatoke. Lakini mtu akijua kwamba mlango ni mmoja na nyuma yake kuna koleo, haji mapema. Anakuja akiwa amevimba, au haji kabisa. Na wahenga hawakukosea kusema jino la pembe si dawa ya pengo. Muulize yeyote anayevaa meno bandia akila muhogo wa kuchoma.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mganga Mkuu. Halmashauri za mkoa huu ni nane. Tabibu wa meno aliyepo kwenye kila moja apatiwe ile saruji na vile vijiko, na vikiisha viagizwe kama inavyoagizwa dawa ya malaria. Halafu tujulishwe. Pengine huduma ipo mahali fulani na sisi tunapita mlangoni kwenda Burundi kwa kutojua. Basi itangazwe redioni na ibandikwe stendi: kituo gani kinaziba, siku zipi, shilingi ngapi. Mimi mwenyewe nitaibandika kwenye kioo cha nyuma, na madereva wenzangu watafanya hivyo. Abiria wakianza kushukia Mwandiga nitapoteza nauli, nitaivumilia.

Na sisi tuliokwishavuka, tukirudi na jino nusu, tupokewe. Mtukemee, haki yenu, lakini mkiwa mmeshika tochi. Ikiwezekana, pale Manyovu wanapokagua kadi za chanjo ya homa ya manjano, mtu wa afya amtazame usoni abiria mwenye shavu lililovimba na amuulize swali moja tu: unameza mate? Binti wa uuguzi aliuliza hilo, na mama yule yuko Ujiji anauza dagaa.

Kuhusu jino langu: kipande cha kizibo kilichosalia nilikimeza na muhogo wiki iliyopita. Sasa naweka pamba, naibadilisha kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kama ndani ya mkoa yupo wa kulimalizia, nitajie kituo, siku na saa. Gari nitaliegesha.

Wako,
Dereva wa mchomoko, Mwandiga