Usishushe giaboksi kwanza

Dar es Salaam

Mpendwa Baba Zawadi,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Zawadi na watoto. Sisi huku hatujambo. Habari ya Land Rover imeninyima raha, hasa uliposema fundi anataka kushusha giaboksi tena akidai presha pleti, lile bamba linaloibana klachi, ni mbovu. Huenda ni kweli. Lakini pedeli kulegea na rivasi kukwaruza mara tu baada ya kufunga klachi mpya? Mimi ningeanza kwenye oili ya klachi, ile inayopeleka nguvu ya pedeli. Mwambie asubiri.

Kuna jambo ambalo wenye magari hawaelezwi. Pleti ya klachi inapolika, vidole vya presha pleti hurudi nyuma kuelekea giaboksi, na pistoni ya masta ya chini, silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi, husukumwa ndani zaidi. Miaka yote raba ya pistoni imesugua sehemu ileile. Ukifunga pleti mpya, nene, pistoni inatoka nje zaidi na kuanza kutembea penye kutu na uchafu wa siku nyingi. Raba iliyozeeka haivumilii hapo. Ndiyo maana masta iliyokuwa nzima inaanza kuvuja baada ya klachi kubadilishwa, na lawama zote zinaiangukia klachi.

Fanya hivi. Gari likae tambarare, handbreki juu, pasiwe na mtu mbele wala nyuma, injini iwake bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi mara moja, ngoja kidogo, tia rivasi. Giaboksi aina ya LT77 iliyo kwenye gari lako la injini ya 200Tdi haina sinkro (kifaa cha kulainisha gia inapoingia) ya rivasi, kwa hiyo haifichi kitu: klachi isipokata, yaani isipoachanisha injini na giaboksi, utasikia. Rudisha huru, kisha pampu pedeli harakaharaka, ile ya mwisho uishikilie chini, ujaribu tena. Rivasi ikiingia kimya safari hii, una upepo kwenye mfumo au masta imechoka. Ikiingia vizuri lakini gari likaanza kujivuta huku mguu wako haujaondoka, oili inapita ndani ya masta ya juu, ile ya kwenye pedeli, hata kama nje hakuna tone.

Kama kupampu hakubadilishi chochote, fungua boliti mbili za masta ya chini uitoe na mpira wake wa kupitishia oili, bila kufungua bomba. Fimbo yake imeshikwa kwenye foki, ule mkono unaosukuma klachi, kwa klipu ndogo ya plastiki, ivute taratibu isidumbukie ndani. Kisha rudisha pistoni mpaka mwisho, uibane kwa jiriwa ya mkono isiweze kutoka. Hapo ndipo mtu akanyage pedeli, polepole. Isipobanwa pistoni itaruka, tafadhali watoto wakae mbali. Pedeli ikiwa ngumu tangu juu, masta ya juu ni nzima na hakuna upepo. Ikiwa bado inabonyea kama sifongo, angalia mpira wakati wa kukanyaga. Wa zamani huvimba, na nguvu yako yote inaishia humo.

Kutoa upepo nako kuna namna yake. Pistoni ikiwa bado imebanwa ndani, nafasi ya upepo kujificha inakuwa ndogo sana. Nati ya kutolea upepo iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa ya masta, halafu mwache oili ishuke yenyewe kabla ya kuanza kukanyaga. Tumieni DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, maana hiyo oili hunyonya unyevu wa hewani. Na asithubutu mtu kuongezea oili ya injini au ya hidroliki! Raba zote zitavimba, na mtanunua kila kitu upya.

Ulisema pia masta ya juu ilibadilishwa. Linganisha kipenyo na ile ya zamani, ni maandishi madogo pembeni. Yenye milimita 19 badala ya 22 husukuma oili pungufu kwa robo nzima kwa mguu uleule. Na fimbo ya pedeli iwe na mchezo kidogo, kama milimita moja na nusu. Ikibana kabisa, oili hairudi kwenye kikopo na klachi itaanza kuteleza.

Ikiwa pedeli ni ngumu, masta ya chini haivuji, na bado gia zinakwaruza, basi hapo nakubali giaboksi ishuke. Ila mkishusha, jambo la kwanza mtoe foki ya klachi muigeuze. Kwenye giaboksi hizi, ile ncha ya duara inayoibeba huitoboa taratibu mpaka ikapenya upande wa pili. Nunua iliyochomelewa bamba la kuiimarisha, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Na pleti ikaguliwe kama haikufungwa kinyume.

Nakuomba sana, usishuke na gari hilo kwenda Mombo kabla halijapona. Kwenye zile kona za Lushoto unahitaji kupunguza gia kila mara, na klachi isiyokata itakuacha na breki peke yake.

Niandikie jaribio la rivasi limetoa nini, na namba iliyoko kwenye masta ya juu. Ikionekana ni raba, nitakutafutia hapa Kariakoo niipakie kwenye basi la jioni.

Ni mimi nduguyo,
Baba Amina