Magadi Yameniumbua

Bahi, 12 Oktoba

Mama Eli wangu,

Mbukwa! Usinicheke, miaka sita Ugogoni imetosha salamu hii kunikaa mdomoni. Wote wazima. Joto la mwezi huu unalijua, vumbi mpaka kwenye chai. Najua nina deni la barua mbili, na lile la Jeska nitalieleza mwisho nikikumbuka. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nimeumbuka darasani na hapa sina wa kumwambia. Nikimwambia mwalimu wa fizikia atasema nilijitakia, nani alinituma nisome kemia.

Ilikuwa Jumanne, Kidato cha Tatu, kipindi cha baada ya chai. Nimeandika ubaoni kwa mwandiko wangu wa siku za ukaguzi: asidi ni kitu ambacho kikiyeyuka majini hutoa ioni (chembe zenye chaji) za haidrojeni, besi hutoa ioni za haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na besi, ziliisha tangu Agosti, kwa hiyo nilichemsha rozela nyumbani nikaja nayo kwenye chupa. Tukakamulia ndimu, wekundu ukakolea. Siku ya nyuma yake nilikuwa nimewaambia kila mtu aje na kitu cha jikoni kwao. Binti mmoja wa pale dirishani akafungua kipande cha gazeti, ndani mna bonge la magadi, ya mama yake ya kupikia mlenda. Tukasaga kidogo, tukatia kwenye glasi nyingine. Mama Eli, ule wekundu uligeuka kijani cha tope mbele ya macho yao! Darasa lilipiga kelele mpaka mkuu akachungulia.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Kiherehere changu kikanituma niandike na fomula ya magadi. Sehemu kubwa ni kabonati ya sodiamu: sodiamu, kaboni, oksijeni, basi. Yule binti akanyoosha mkono. "Madam, mbona haidroksidi haimo humo? Sasa inatoa nini?"

Nikamjibu kwamba hayo mtayasoma mbele. Kwa ile sauti yangu, unaijua. Akasema sawa Madam, akakunja gazeti lake na magadi yake taratibu, pembe kwa pembe, akatia mfukoni.

Kule kukunja gazeti ndiko kunakoniuma. Maana jibu nalijua! Tulilisoma mimi na wewe kwenye kitanda kimoja, kwa tochi. Magadi hayaji na haidroksidi mfukoni. Yakifika majini, ile kabonati inayapora maji protoni moja, yaani ile ile ioni ya haidrojeni, na maji yaliyoporwa ndiyo yanabaki kuwa haidroksidi. Besi ni mpokeaji wa protoni, asidi ni mtoaji. Brønsted kule Denmark na Lowry Uingereza, kila mmoja kivyake, mwaka 1923. Mistari miwili tu ingenitosha. Lakini ningewaambia mistari hiyo, ningefuta niliyoandika ubaoni dakika ishirini nyuma, na mimi na kufuta mbele ya watoto...

Usiku nikajaribu kumtetea Arrhenius, mwenye ile maana niliyoandika ubaoni, yaani kujitetea mimi. Nikasema si mwisho wa yote haidroksidi imeongezeka majini? Basi ni yale yale. Halafu nikakumbuka siku ulipofungua zile chupa mbili, ya amonia na ya asidi ya haidrokloriki, ukazisogeza karibu, moshi mweupe ukajaa meza nzima na Kipara akatutoa nje kama wezi. Pale mvuke ulikutana na mvuke hewani. Hakuna kilichosubiri kuyeyuka majini, haidroksidi haikuonekana. Amonia ilipokea protoni tu, na ule moshi ulikuwa chembe za chumvi, kloridi ya amoniamu. Kwa maana niliyoandika mimi ubaoni, siku ile hakuna asidi iliyokutana na besi, na sisi tulifukuzwa bure.

Na bado hujamfikia Lewis. Mwaka ule ule wa 1923, huko California, yeye akasema hata hiyo protoni si lazima: asidi ni anayepokea jozi ya elektroni, besi ni anayeitoa. Kwake boroni trifloridi, isiyo na haidrojeni hata chembe, ni asidi. Hiyo sitathubutu Kidato cha Tatu, wazazi watakuja na fimbo.

Kinachonikera ni neno "ni". Asidi NI. Lavoisier, yule mwanakemia Mfaransa, naye alikuwa na "ni" yake: aliamini oksijeni ndiyo chanzo cha uasidi wote, mpaka jina lenyewe akaliunda kwa Kigiriki, "mzaa asidi". Mwaka 1810 Davy, mwanakemia wa Uingereza, akaonyesha kwamba ile haidrokloriki haina oksijeni ndani yake. Jina limebaki vile vile, tunalikaririsha watoto bila kuwaambia lilitokana na kosa. Na huyo Arrhenius ninayemtetea, tasnifu yake ya 1884 pale Uppsala waliipitisha kwa shingo upande. Nobel akaja kuichukua 1903. Nilipokumbuka hilo nikaona aibu upya, nikamwona yule binti na gazeti lake.

Umeme ulikatika, sasa umerudi. Nilikuwa wapi? Ehe, maji. Mbele ya magadi maji yanatoa protoni, kwa hiyo ni asidi. Mbele ya haidrokloriki yanapokea, kwa hiyo ni besi. Maji hayo hayo ya kisimani. Nimemkumbuka shemeji yako wa Kibaigwa, kwa wanaomdai mpole kama kondoo, kwa mkewe simba. Usimsomee hii.

Hofu yangu nyingine ni mtihani. Nikimfungulia yule binti mlango, halafu aandike protoni mahali msahihishaji anatafuta haidroksidi, nani atamrudishia alama zake? Huyu ni mtoto wa kufaulu, Mama Eli. Nikimwacha na haidroksidi peke yake, ataendelea kujua kwamba nilimdanganya.

Nina ombi. Lile daftari la kijani la mazoezi ya maabara, la mwaka wa pili, nadhani lilibaki kwako. Piga picha kurasa za amonia, au mpe kondakta alilete mpaka stendi Dodoma, nitalifuata Jumamosi. Ukiweza weka na vitabu viwili vya litmasi, nitakulipa pamoja na lile la Jeska.

Wewe huko Njombe unaanzaje mada hii? Unawaambia mapema kwamba maana zipo tatu, au unangoja waulize? Na wakiuliza kipindi kimebaki dakika tano? Umewahi kufuta ubao mbele yao, wakakuonaje? Baridi imepungua? Eli ameota meno? Na kweli Kipara amestaafu, au ni maneno ya Jeska?

Kesho nina vipindi viwili nao. Nimeshanunua magadi ya mia tano, na ubao nitaufuta kabla hawajaingia.

Wako,
Mama Juni