Oda ya vitumbua ifungwe saa 12 jioni

Ndugu Mhariri,

Mitaa mingi ya Dar es Salaam sasa ina jirani anayepika kwa oda, na lalamiko juu yake ni lile lile: anaringa. Ukimtumia ujumbe saa 12 asubuhi kwamba unataka vitumbua 20, anakujibu oda zimeshafungwa, huku harufu ya iliki inakufikia dirishani. Haringi. Mchele ndio unaomfunga.

Mchele wa vitumbua unalowekwa kwa muda wa saa 6 hadi 8. Ukitolewa kabla, hata blenda iwe kali vipi, rojo linabaki na chenga. Kilo 1, pamoja na tui zito la nazi mbili, sukari robo kilo, kijiko cha chai cha hamira na iliki, hutoa vitumbua 40 hivi vya kawaida. Kwa hiyo oda ya vitumbua 150 inataka kilo 4. Vile 10 vya ziada si faida: vya kwanza hunata kabla chuma cha kuchomea hakijashika moto sawasawa, hasa kama mtu amekisugua kwa sabuni na steliwaya.

Baada ya mchele kuna chuma chenyewe. Chenye matundu 7, kila mzunguko ukichukua dakika 5 pamoja na kupaka mafuta na kugeuza, kinatoa vitumbua 84 kwa saa. Vyote 160 ni karibu saa mbili za kusimama jikoni. Anayetaka wateja wachukue kuanzia saa 12 asubuhi aloweke saa 1 usiku, asage saa 9, aanze kuchoma saa 10 alfajiri. Ndiyo maana oda ifungwe saa 12 jioni, duka la nazi likiwa bado wazi. Na kikomo chake kiwe kile ambacho chuma kinaweza, si idadi ya watu walioandika “niwekee na mimi”.

Wapishi wengi huharibikiwa hapa: wanatia hamira kwenye rojo lote kwa mpigo. Joto la Dar halisubiri mtu. Vitumbua vya saa 10 vinakuwa vizuri, vya saa 12 vina uchachu, mashimo makubwa na vimekunywa mafuta, na jirani aliyepata vya mwisho hanunui tena. Gawa rojo mara mbili. Nusu ya kwanza itiwe hamira saa 9, ya pili ikae kwenye friji bila hamira hadi saa 10. Na blenda ya nyumbani ipumzishwe kila baada ya mizunguko michache. Kilo 4 za mchele kwa mfululizo huweza kuiunguza mota. Anayeona oda zimezidi akaongeza unga wa mchele wa dukani ili rojo litoshe, atauza vitumbua vikavu vinavyovunjika mkononi.

Kuhusu malipo, desturi ya kulipa nusu kwanza na nusu baadaye inafaa kwa shughuli. Kwa vitumbua 10, makato ya kutuma pesa mara mbili ni hasara tupu. Afadhali ulipe yote, au ulipie wiki nzima mara moja. Ukighairi kabla ya saa 12 jioni, urudishiwe pesa zako. Mchele ukishalowekwa, tafuta jirani mwingine achukue nafasi yako, maana chakula cha tui hakingoji kesho.

Wapishi nao wanajipunja kwenye gesi. Wanahesabu mchele, nazi, sukari na mafuta, lakini moto wanauacha kana kwamba ni wa bure. Pima mtungi kwenye mizani kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kilichopungua ni gesi ya oda ya siku hiyo, na kigawanywe kwa idadi ya vitumbua. Sambusa ni rahisi zaidi kwa sababu mbichi hukaa kwenye friza, ila nyama ikaushwe na ipoe kabisa kabla ya kutiwa kitunguu, la sivyo manda italowa na kupasukia kwenye mafuta.

Mwisho ni vyombo. Vitumbua vya moto vikifunikwa kwenye kopo la plastiki, mvuke unageuka maji, vinalowa na kuchacha kabla ya mchana. Vipoe kwanza kwenye ungo, vimefunikwa kitambaa safi, kisha viwekwe kwenye bakuli ambalo mteja ameliacha jioni likiwa na jina lake na idadi. Asiye na bakuli apewe mfuko wa kaki. Gazeti, Mhariri utatuwia radhi, tunalipenda kwa kusoma tu: wino wake huhamia kwenye chakula chenye mafuta.

Wapishi wa oda,
Tabata, Dar es Salaam